Nyumba ya Raski

Majibu ya maabara ya serikali yalifika Jumatatu saa tatu asubuhi, kurasa mbili. Inspekta Atupele Mwaisumo aliyasoma mara mbili akiwa amesimama, kisha akakaa akayasoma mara ya tatu.

Sampuli A: Maneno Rask, miaka arobaini na minane, fundi wa kuchomelea vyuma, mkazi wa Kongowe, Kibaha. Sampuli B: Leif Rask, miaka sabini na mitano, raia wa Sweden, mstaafu. Kilichopimwa ni kromosomu Y, ile ambayo baba humpa mwanawe wa kiume, na mwana akampa wake, vizazi na vizazi, bila kupitia kwa mwanamke. Matokeo: wawili hao hawatoki katika mstari mmoja wa kiume.

Mkuu wa upelelezi wa wilaya, Afande Elinipa, alisoma mstari wa mwisho tu.

"Imekwisha. Ijumaa jalada liwe kwa wakili wa serikali."

"Kwa kosa gani, afande?"

"Lile lile. Ametoa taarifa za uongo akapata cheti cha kuzaliwa. Kaandikisha kwamba baba yake ni Mzungu, na Mzungu si baba yake. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua baba yake ni nani."

"Kutojua baba yako si kosa la jinai, Atupele. Tungejaza mahabusu."

"Ndiyo, afande. Lakini kipimo hiki aliomba yeye mwenyewe, kwa maandishi. Mtu anayejua amedanganya haombi kupimwa."

Elinipa alimrudishia karatasi. "Una mpaka Ijumaa."

Jalada lenyewe halikuwa nene. Nils Rask, mhandisi wa visima kutoka Sweden, aliishi kijijini Marui, wilaya ya Kisarawe, tangu mwaka 1974. Agosti 1976 mkataba wake ulikwisha akarudi kwao, na kabla mwaka haujaisha akafa kwa ajali ya gari. Alimwacha Rukaya Shomari akiwa mjamzito. Wiki moja kabla hajaondoka, serikali ya kijiji iliandika barua, ikapigwa muhuri: ekari tatu za mikorosho zimetolewa kwa Rukaya "na mtoto wa Bwana Nils Rask atakayezaliwa". Maneno alizaliwa Machi 1977.

Kwa karibu miaka hamsini hakuna aliyeuliza lolote. Mwaka uliopita mdogo wake Rukaya, Shabani Shomari, alipata mnunuzi, akapanda bikoni za saruji za kuonyesha mipaka kwenye zile ekari akisema ni ardhi ya baba yao. Maneno alipeleka barua ya kijiji kwenye baraza la kata. Baraza likataka athibitishe kwamba mtoto anayetajwa ndiye yeye. Akaenda ofisi ya vizazi na vifo, akapata cheti. Shabani akaenda polisi Kibaha kulalamika kwamba cheti ni cha uongo.

Kwa hiyo Maneno akipatikana na hatia, si yeye tu anayeumia. Barua inakosa mwenyewe, ekari tatu zinauzwa, na mama yake mwenye miaka sabini na moja, anayelala katikati ya ile mikorosho, anahama.

Huyo Leif alipatikana mtandaoni. Kuna chama cha ukoo wa Rask huko Sweden, na Leif ndiye katibu wake. Alikuja likizo mwezi Juni akiwa na mchoro wa ukoo uliokunjwa vizuri kwenye bahasha. Babu wa Nils na baba wa babu yake Leif, kwa mujibu wa mchoro ule, walikuwa ndugu wa tumbo moja: Per Rask na Johan Rask. Alifungua kinywa, akapitishwa kijiti cha pamba shavuni, akapiga picha na kila mtu.

Atupele alichukua gari na Koplo Castory, wakaondoka kwenda Marui.

*

Shabani aliwapokea barazani. Alikuwa mtu wa miaka sitini na sita, mwembamba, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmeleta majibu?"

"Majibu yapo. Nina maswali machache. Kule polisi ulisema Maneno si wa Nils. Hukusema ni wa nani."

"Hamkuniuliza."

"Leo nakuuliza."

Shabani alikohoa. "Nilsi aliondoka, nyumba ikabaki. Akaingia Bilali, mlinzi wa pampu. Kuingia tu, watu wakamwita Raski. Bilali Raski, mpaka anakufa. Sasa mtoto kazaliwa, watu wanasema mtoto wa Raski. Raski yupi? Huyu aliyepanda ndege, au huyu anayechota maji na dada yangu kila asubuhi?"

"Bilali aliingia nyumba ile mwezi gani?"

"Inspekta, mimi mkulima, si kalenda."

"Kabla ya hapo alikuwa anaishi wapi?"

"Hapo hapo kwenye pampu. Hatua hamsini."

"Uliwahi kumsikia Bilali akisema mtoto ni wake?"

"Bilali alikuwa na mke. Angesemaje?"

"Na dada yako?"

"Dada yangu husema anachotaka."

Atupele aliandika. Maelezo yalisimama vizuri kuliko alivyotarajia. Hayakuwa ya mtu anayetunga. Tarehe hazikumkataa Bilali, na maabara ilikuwa imemkataa Nils.

"Unaamini unachosema?" aliuliza Castory.

"Kijana, unadhani nimevaa shati hili ili nikudanganye wewe?"

Walitembea hadi kwenye nyumba yenyewe. Ilikuwa ya matofali ya saruji, vyumba viwili, bati limepakwa rangi upya. Mwanamke wa miaka thelathini hivi alikuwa akisahihisha madaftari kibarazani. Kabla hawajabisha hodi, mama mmoja mwenye ndoo kichwani alipita njiani.

"Raski, hujambo?"

"Sijambo, mama. Maji yapo?"

"Yapo."

Atupele alisubiri mama apite. "Samahani. Amekuitaje?"

"Raski. Wote wananiita hivyo." Alifunga daftari. "Mimi naitwa Stellamaris, nafundisha shule ya msingi hapa. Karibuni."

"Una undugu na Bilali?"

"Bilali gani? Mimi Mhaya, dada. Nina miaka miwili hapa. Siku ya kwanza nimeshusha godoro, jirani kaja: karibu sana Raski. Nikadhani ni salamu ya Kizaramo, nikamjibu Raski na wewe."

Castory aligeuka akatazama barabara ili asicheke usoni pa mwalimu.

"Aliyekutangulia?"

"Bwana shamba. Naye Raski. Alinionya: usihangaike kuwasahihisha, jina liko kwenye nyumba, ukihama unaliacha."

Atupele aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akapiga mstari chini yake.

Bi Rukaya walimkuta akimenya mihogo mbele ya nyumba yake ya udongo. Bikoni ya kwanza ya Shabani ilikuwa imesimama mita kumi kutoka jikoni kwake, na mtu alikuwa ameanika kanga juu yake.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba wanangu. Kaeni. Si hapo, pana siafu."

"Majibu yametoka. Yanasema Maneno na yule Mzungu wa Juni hawana damu moja."

"Yule wa kofia?" Aliendelea kumenya. "Sawasawa. Hafanani na Nilsi hata ukucha."

"Mbona hukusema?"

"Mmemleta Mzungu, anaitwa Rask, mnasema ndugu yake, ana karatasi kubwa kama shuka. Mimi nani nikatae karatasi?"

"Mdogo wako anasema baba wa Maneno ni Bilali."

Kisu kilisimama. Bi Rukaya alimtazama Inspekta kwa mara ya kwanza.

"Bilali alikuwa mume wa shoga yangu. Tumezaa mwaka mmoja mimi na mkewe, tukanyonyesheana watoto. Mwanawe Halidi yuko Kibuta, anauza mbao. Mnapima Wazungu tu? Nendeni mkampime na yeye."

Halidi Bilali alikubali bila mjadala. Alisaini fomu juu ya rundo la mbao, akafungua kinywa, akauliza kama kipimo kinaonyesha na sukari.

Njiani kurudi, Castory aliendesha taratibu kwa sababu ya mashimo.

"Afande, naona na mwalimu tumpime. Naye Raski."

Atupele alikuwa amefungua jalada mapajani. Alikuwa ameshika nakala ya barua iliyopeleka sampuli maabara. Barua aliiandika yeye. Aya ya pili ilisema: *kwa kuwa Leif Rask na Nils Rask ni wa ukoo mmoja kama majina yao yanavyoonyesha*. Maabara haikukosea, ilijibu swali ililoulizwa. Swali ndilo lililobeba dhana ambayo hakuna mtu aliyeikagua, na mwandishi wa dhana hiyo alikuwa amekaa kiti cha mbele.

"Castory, Kibaha ni nani anayesoma Kiswidi?"

*

Bernard Mtui alikwenda Sweden mwaka 1979 kusomea umeme, akakaa miaka sita, akarudi na cheti, koti zito na lugha. Sasa alikuwa mstaafu, akifuga kuku nyuma ya nyumba yake Kibaha. Alisoma mchoro wa Leif kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

"Unataka kujua nini hasa, Inspekta?"

"Waswidi wanapata wapi majina ya ukoo."

"Wengi hawakuwa nayo. Wakulima walifanya kama watu wa huku tu. Anders, baba yake Erik, anaitwa Anders Eriksson, yaani mtoto wa Erik. Anders akimzaa Karl, huyo ni Karl Andersson. Jina linabadilika kila kizazi. Mwaka 1901 ikatoka kanuni ya majina ya ukoo, watu wakaanza kubaki na lile walilonalo. Ndiyo maana mpaka leo kila mtaa una Andersson, na hawajuani."

"Rask haliishii na mtoto wa mtu."

"Hapana. Hilo ni la askari. Maana yake mwepesi, mtu wa haraka. Wengine waliitwa Ngao, wengine Upanga, wengine Jasiri. Fikiria kikosi kina akina Eriksson kumi na wawili. Ofisa akiita Eriksson, wanaitika kumi na wawili. Basi kila askari akapewa jina fupi."

"Wanawe wakalirithi?"

"Baadhi. Wengine walirudia la baba. Lakini kuna jambo." Alivua miwani moja. "Askari wale hawakukaa kambini. Wakulima wa eneo walimpa kibanda na kipande cha shamba, na kibanda kilikuwa na namba. Askari akistaafu au akifa, kibanda kinaachwa, anaingia mwingine. Na huyo mwingine, mara nyingi, alipewa jina la aliyemtangulia."

Atupele aliweka kalamu chini. "Hata kama si ndugu?"

"Kwa kawaida hakuwa ndugu. Jina lilikuwa la kibanda."

"Mchoro umeandika Johan na Per walitoka nyumba moja."

"Namba themanini na nne. Imeandikwa hapa, wote wawili."

"Tunaweza kujua wazazi wao bila kutumia mchoro huu?"

"Kanisa lao liliandika kila kitu. Nani kazaliwa, nani kahama, nani anasoma vibaya. Vitabu vimewekwa mtandaoni. Kama mtandao wangu haujakatika."

Ilichukua saa mbili na nusu. Mtui alisoma kwa sauti, Atupele aliandika, na kwa kila jina alitaka aone ukurasa wenyewe hata kama hasomi neno.

Johan, askari wa kibanda namba themanini na nne kuanzia 1860 hadi 1888. Alizaliwa 1838, baba yake Sven. Kabla ya jeshi aliitwa Johan Svensson.

Per, askari wa kibanda hicho hicho kuanzia 1888. Alizaliwa 1868 katika parokia nyingine, baba yake Erik. Kabla ya jeshi aliitwa Per Eriksson. Mwanawe Gustaf alibaki na Rask. Mwana wa Gustaf ni Nils.

"Ndugu wenye baba wawili na parokia mbili," alisema Atupele. "Mpigie Leif."

Leif alipokea mara moja. Mtui alimweleza, akasikiliza, akatafsiri.

"Anasema mchoro alichora baba yake. Aliona watu wawili, jina moja, nyumba moja, akawaandika ndugu. Hakuwa na sababu ya kudhani vingine."

"Mwambie hata mimi sikuwa nayo."

Upande wa pili kulisikika kicheko kifupi.

"Anauliza: kwa hiyo yeye na Nils si kitu? Na amekuwa katibu wa chama miaka kumi na tisa." Mtui alifunika simu kwa kiganja. "Anasema mke wake asiambiwe kwanza."

"Muulize kama yuko tayari kutusaidia kumtafuta ndugu wa kweli. Vitabu vile vinasema Per alikuwa na kaka, naye akiitwa Anders Eriksson, kama yule wa mfano wako. Nataka mwanamume aliye hai, anayetoka kwa Anders, mwana kwa baba, bila mwanamke katikati."

Siku mbili baadaye Leif alituma jina moja: Mats Eriksson, wa uzao wa Anders, fundi bomba, miaka hamsini na minne. Hakuwahi kusikia habari za Rask yeyote, wala za Marui.

Ijumaa asubuhi Atupele alisimama mbele ya Elinipa na kurasa nne.

"Unataka kumpima Rask," alisema Elinipa polepole, "kwa Eriksson."

"Ndiyo, afande. Babu yake Nils alizaliwa Eriksson. Jina Rask alipewa pamoja na kibanda. Aliyepimwa mwanzo anatoka kwa askari aliyekaa kibanda hicho kabla yake."

"Na ikitoka hapana?"

"Maneno anakwenda mahakamani, na mimi nitamwandikia wakili kwamba Shabani alisema kweli. Sampuli ya Halidi nimeshaipeleka. Mmoja kati ya wawili atajibu."

Elinipa alisaini. "Andika kwa namna ambayo sitachekwa makao makuu."

*

Ilichukua wiki tano. Mats alichukuliwa sampuli kwao, mbele ya polisi wao, na wasifu wa vinasaba ukaja kwa njia rasmi hadi maabara ile ile. Maneno aliendelea kuripoti kituoni kila Jumatatu, akisaini kitabu kwa vidole vyenye masizi, bila kuuliza chochote. Jumatatu ya tano ndipo alipouliza.

"Mama anauliza ahame kabla ya mvua au baada?"

"Mwambie asihame," alisema Atupele. "Na kesho uwepo Marui."

Aliwasomea majibu uani kwa Bi Rukaya, Maneno amesimama, Shabani amekaa kwenye kigoda, Castory ameshika jalada. Alianza na Halidi. Maneno na Halidi Bilali hawatoki katika mstari mmoja wa kiume. Halafu akasoma la pili. Maneno na Mats Eriksson wanatoka katika mstari mmoja wa kiume, kwa alama zote ishirini na tatu zilizolinganishwa.

"Eriksson?" Shabani alisimama. "Eriksson ametokea wapi? Mtu anajiita Rask mnampima na Eriksson? Si mngempima na mimi basi!"

Atupele alimweleza habari ya kibanda namba themanini na nne. Hakuharakisha. Alipofika mahali pa askari wa pili kuingia na kupewa jina la wa kwanza, Shabani alikuwa amekaa tena.

"Kama Bilali," alisema.

"Kama Bilali."

Shabani alinyoosha kidole kwenye karatasi. "Lakini kipimo hakisemi Nilsi. Kinasema ukoo. Labda ni Mzungu mwingine wa ukoo ule."

"Ni hoja nzuri, mzee, na nimeiandika. Kipimo kinasema mwanamume wa ukoo huo. Nimekagua: wanaume wa ukoo huo waliowahi kukanyaga Kisarawe mwaka 1976 ni mmoja."

Maneno aliomba kuiona karatasi. Aliishika mbali na macho kama wafanyavyo watu wanaohitaji miwani na hawajakubali, akasoma jina la Mats Eriksson kwa kulitamka kimoyomoyo, kisha akairudisha.

"Kesi?"

"Nalifunga jalada leo. Cheti chako ni halali. Nakala ya majibu itakwenda baraza la kata pamoja na ile barua ya kijiji."

"Na mimi?" aliuliza Shabani. "Mimi nilipewa neno na marehemu mama, kwamba Raski ni Bilali. Sikutunga."

"Sina ushahidi kwamba ulitunga. Hushtakiwi."

Bi Rukaya hakuwa ameacha kazi tangu waanze. Alikuwa akipuliza moto chini ya sufuria, na alipoinuka alitazama upande wa mdogo wake, si wa polisi.

"Shabani."

"Naam, dada."

"Ziko ngapi?"

Shabani aliitazama bikoni ya jikoni. "Nane."

"Saruji yake imekwenda chini kiasi gani?"

"Futi moja na nusu."

"Jembe liko nyuma ya banda. Anza na hiyo ya hapa jikoni."

"Leo?"

"Leo." Alifunua sufuria, akachungulia, akafunika. "Muhogo bado. Ukifika ya nne utakuwa umeiva, uje ule."

Shabani alivua shati lake la pasi, akalikunja, akatafuta pa kuliweka. Maneno alilipokea.